Noti za Bibi Kabla ya Aprili 5

Machi 2025, siku ya mwisho ikiwa imekaribia, mama alinituma Mvumi nikamchukue Bibi pamoja na fedha zake za zamani. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5 mwaka huo noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi mia tano ya mwaka 2010, zirudishwe benki zibadilishwe, na kwamba baada ya hapo hazitakuwa halali kwa malipo. Bibi alilisikia tangazo hilo redioni mapema kabisa, lakini alisema hawezi kupanda basi hadi Dodoma mjini kwa ajili ya karatasi ambazo hazijaoza.

Nakiri kwamba safari ile niliipenda kwa sababu zangu. Nimekuwa nikikusanya noti tangu nikiwa kidato cha tatu, na nilijua kuwa watu wa umri wa Bibi huweka fedha mahali ambapo macho ya mkusanyaji hayajawahi kufika.

Sanduku la bati lilivutwa kutoka uvunguni, tukatandika mkeka chini ya mwarobaini, naye akaanza kufungua mafungu yaliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Zilikuwamo mia mbili zenye picha ya Rais Mwinyi upande mmoja na wavuvi wawili upande wa pili, na mia tano nyingi zenye picha ya Karume, zile zilizoanza kuadimika sokoni baada ya sarafu yake kutoka mwaka 2014. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, huku kimoyomoyo nikitafuta jambo jingine: saini za Waziri wa Fedha na Gavana, kwa kuwa sisi wakusanyaji hutenganisha noti zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa majina hayo mawili; pia namba zinazosomeka sawasawa kutoka kushoto na kutoka kulia, na makosa ya kiwandani. Nilipata mia tano moja ambayo namba yake iliishia 2740472, kisha nikapata mia mbili iliyokatwa vibaya, ukingo wake mmoja mpana kupita kiasi na ule wa pili ukiwa umebeba mstari mwembamba wa noti jirani. Niliinyanyua juani, na kichwa cha twiga kilichofichwa ndani ya karatasi nacho kilikuwa kimesogea upande. Mikono yangu ilitetemeka kidogo.

Nikaziweka zote mbili chini ya goti, nikatoa shilingi mia saba mfukoni kufidia.

“Mjukuu wangu, mbona hizo umezikalia?”

Ilinibidi nieleze. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo kwake si la kawaida.

“Na huyo mwenye kuzitaka atakupa ngapi?”

“Huenda elfu kumi, Bibi, kwa zote mbili. Sina hakika.”

“Basi nipe elfu sita, ile mia saba yako uichukue.”

Nililipa. Haikuwa haki kulalamika, kwa kuwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiwanunulia wazee noti kwa thamani iliyoandikwa juu yake na kuuita huo ujanja.

Palikuwa na mia mbili nyingine ambayo niliitupa haraka kwenye fungu la benki, kwa sababu mtu alikuwa ameiandika kwa kalamu ya wino katika sehemu nyeupe, na noti iliyoandikwa hushuka bei mara moja. Bibi aliichomoa, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Ilikuwa imeandikwa “debe 14, bado 3”.

“Hii haiendi. Babu yako aliuza zabibu siku hiyo, akakosa karatasi. Yule mtu hakulipa hayo matatu hadi leo.”

Kesho yake tulisimama kwenye foleni mjini tangu saa mbili hadi karibu saa sita. Bibi alizihesabu noti mpya mara mbili mbele ya karani, akazifunga kwa uzi uleule aliokuja nao. Nilipomshauri aziweke kwenye simu alinitazama tu. Jioni sanduku lilirudi uvunguni, ile mia mbili ya madebe ikiwa juu kabisa.