Vile nilisimamisha Linux ya meinifremu hapa Kisumu na diski sita na kebo moja

Mimi hufundisha kompyuta kwa chuo kidogo huku Kondele, na kitu kimekuwa kikinikaa rohoni miaka kadhaa ni kwamba wanafunzi wetu wanamaliza wakijua Windows, wakijua Linux kidogo, lakini ukitaja meinifremu, zile kompyuta kubwa za mashirika, wanakuangalia kama umetaja gari moshi la makaa. Na hizo mashine hazijaisha. Benki kubwa duniani bado zinahesabu pesa juu ya ukoo wa ile System/360 iliyotangazwa na IBM mwezi wa Aprili 1964, na mtu anayejua kazi hiyo ni wa kutafutwa. Mimi nilitaka watoto wangu angalau waone, washike, wajue IPL ni nini, yaani kuwasha mfumo wa meinifremu.

Meinifremu ya ukweli hatuwezi kununua, hiyo inajulikana. Lakini kuna Hercules, programu ambayo Roger Bowler alianza nayo 1999, inafanya kompyuta ya kawaida ijiendeshe kama meinifremu, ukiiwekea ARCHMODE (aina ya mashine ya kuiga) ya z/Arch inafuata maagizo yale yale ya mashine kubwa. Diski nazo nilipewa na mzee mmoja jirani yetu aliyestaafu, alifanya kazi na hizo mitambo miaka mingi Nairobi, akanitolea bahasha kwa kabati na kuniambia "kijana, hizi zinanizeekea hapa, wewe una watoto wa kufundisha." Ndani kulikuwa na SUSE Linux Enterprise Server 9 ya zSeries, yaani Linux ya meinifremu za IBM, mambo ya 2004, diski sita za CD.

Sasa hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mashine hii haina mahali pa kutia diski. Hakuna mdomo. Linux ya meinifremu inaingia kupitia netiwaki, unaweka diski zako kwa kompyuta nyingine, hiyo kompyuta inazigawa kwa NFS ama FTP (njia za kugawa mafaili kwa netiwaki), halafu mashine inazivuta. Mimi nilikuwa na kompyuta ya mezani ya Hercules na laptopu yangu ya zamani yenye Linux ikawa seva ya diski, katikati swichi ndogo. Diski ya kwanza niliinakili yote kwa hadi diski kwa sababu Hercules ilitaka yale mafaili ya kuwashia, unaandika ipl kisha jina la faili ya suse.ins na inaanza. Zile tano zilizobaki nafasi ilikuwa imeisha kwa laptopu, nikatengeneza ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) kwa hadi diski ya nje niliyoazima na ku-mount kila moja kwa folda yake, yaani kuifungua ionekane hapo. Kumbuka hiyo, maana ndiyo ilinila siku tatu.

Kuwasha kwenyewe kulienda. Maswali yanakuja kwa konsoli ya Hercules na kila jibu lazima lianze na nukta, ukitaka kujibu 1 unaandika .1, la sivyo Hercules inadhani unaongea na yeye mwenyewe na si na Linux iliyo ndani yake. Hiyo nukta pekee ilinichukua nusu saa kujua.

Halafu netiwaki. Linux ya ndani nilikuwa nimeipa 192.168.200.2, na inaongea na kompyuta yake kupitia kitu kinaitwa CTCI, kama waya wa kuigiza kati yao, upande wa pili ukiwa 192.168.200.1. Laptopu iko huku nje kwa 192.168.1.20. Kisakinishi kikaniambia hakiwezi kufikia seva. Nikang'oa kebo nikarudisha, nikabadilisha swichi, nikaazima kebo nyingine kwa saiba ya chini, bure. Kumbe shida haikuwa waya hata kidogo. Kompyuta ya Hercules ilikuwa inapokea pakiti za mgeni wake, ile Linux ya ndani, lakini haizipitishi nje, kwa sababu ip_forward, mpangilio wa kuruhusu pakiti zipite, ilikuwa 0. Nikaweka 1. Bado. Nikawasha tcpdump, programu ya kuangalia pakiti zinazopita, kwa laptopu na hapo nikaona kitu cha kufurahisha, pakiti zinafika! Zinafika vizuri kabisa, lakini laptopu haijui 192.168.200 iko wapi, majibu inayatuma kwa ruta ya intaneti na yanapotelea huko. Ni kama mtu anakuita kutoka ng'ambo ya mto na wewe unaitikia ukiangalia upande mwingine. Nikaongeza njia ya kurudi, ip route add 192.168.200.0/24 via 192.168.1.10 (hiyo ni kompyuta ya Hercules), na hapo hapo wakasikizana.

Wakasikizana lakini laptopu ikamkataa. Ruhusa hakuna. Hiyo sasa ilikuwa rahisi, kwa /etc/exports, faili inayosema nani aruhusiwe, nilikuwa nimeruhusu 192.168.1.0 pekee, na huyu mgeni anabisha na anwani ya 200. Nikaongeza, exportfs -ra, tukaendelea.

YaST, kisakinishi cha SUSE, ikafunguka kwa VNC (programu ya kuona skrini ya mashine nyingine) na nakwambia nilisimama. Rangi zake zile, kwa skrini ya laptopu, zinatoka kwa meinifremu iliyo kwa meza yangu Kondele. Nikawasha DASD mbili, yaani hadi diski za meinifremu ambazo kwa Hercules ni mafaili tu, za aina ya 3390-3, kila moja silinda 3339, kama giga 2.8 hivi, zikaformatiwa polepole (hapa uwe na subira, Hercules si mashine ya haraka ukiwa na prosesa ya zamani), nikachagua programu chache tu na kuanza. Ikaenda, ikaenda, halafu kidirisha: weka SUSE CORE Version 9 CD 1.

Kwanza jina lilinichanganya kwa sababu diski yangu imeandikwa namba 2. Hiyo seti iko hivyo, diski ya kwanza ni ya SLES na zile zingine ni za CORE na hesabu inaanza upya, kwa hivyo namba 2 ya bahasha ndiyo CORE CD 1. Folda zangu nikazipanga upya vile inavyotakiwa, sles9/CD1 peke yake, halafu core9/CD1 hadi CD5, na kule juu ndani ya folda ya yast kuna mafaili mawili madogo, order na instorder, ndiyo yanaambia kisakinishi diski gani inafuata gani. Faili ya order ina safu mbili na katikati ni TAB. Editor yangu ilikuwa imegeuza TAB kuwa nafasi nne, kwa macho huoni tofauti yoyote, mpaka nilipoandika cat -A ndiyo nikaona pale panapotakiwa ^I hapana kitu. Nikarekebisha. Nikaanza upya na moyo mweupe.

Kidirisha kile kile. Weka SUSE CORE Version 9 CD 1.

Siku tatu nilikuwa hapo. Naenda kwa laptopu, ls core9/CD1, mafaili yote yapo, nayaona kwa macho yangu. Narudi kwa YaST, nabonyeza jaribu tena, inasema diski haipo. Nilianza kushuku diski za mzee, nikashuku Hercules, nikashuku hata kumbukumbu nikaongeza MAINSIZE. Usiku mmoja nimelala ndio nikajiuliza, mimi naangalia hizi folda nikiwa wapi? Naangalia nikiwa kwa laptopu. Sijawahi kuangalia nikiwa upande wa yule anayelalamika.

Asubuhi kabla hata ya chai nikaenda kwa kompyuta ya Hercules, nika-mount ile share kama mteja mwingine yeyote, ls core9/CD1. Tupu. CD2 tupu. Zote tano tupu, na sles9/CD1 imejaa. Nilikaa chini. Shida ni kwamba NFS ikigawa folda haivuki kuingia kwa kitu kilichomauntiwa ndani ya hiyo folda, inampa mteja folda ya chini yenyewe, ile tupu uliyotengeneza na mkdir. Seva inaona diski, mteja anaona shimo. Diski ya kwanza ilifanya kazi kwa sababu hiyo nilinakili, ilikuwa mafaili ya ukweli. Kuna dawa ya kuandika crossmnt kwa exports, ama kutaja kila folda peke yake, lakini mimi nilikuwa nimechoka na kubahatisha nikaamua kunakili zote ziwe mafaili ya kawaida. Mwanafunzi wangu mmoja akafuta sinema zake zote kwa hadi diski yake ili nipate nafasi, na hiyo sitasahau.

Wakati wa kunakili ndio namba 4 ikaonyesha ugonjwa wake, input/output error katikati. Nilikuwa nimeitengenezea ISO usiku na sikusoma ujumbe wa mwisho, nikadhani imekamilika. Niliiosha na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukipangusa toka katikati kwenda nje, usizungushe kufuata duara, halafu nikaipeleka kwa saiba ambako kuna draivu ya zamani sana na nzito, ikasoma mpaka mwisho. Draivu hutofautiana jamani, usitupe diski kabla hujaijaribu kwa mbili tatu.

Safari hiyo ilikubali. CORE CD 1 ikaingia, ya 2, ya 3, mimi nahesabu tu. Saa tatu usiku mvua ya hapa Kisumu, mnaijua, radi moja na stima ikapotea Kondele nzima.

Sitasema mengi kuhusu huo usiku. DASD zangu zilikuwa za kukandamizwa na ziliharibika, nikapitisha cckdcdsk, programu ya kukagua hizo DASD, ikarekebisha faili lakini Linux iliyo ndani ilikuwa nusu, ikabidi nianze tena. Tofauti ni kwamba mara hii nilianza saa kumi na moja alfajiri, kompyuta zote mbili kwa UPS ya ofisi, na kila hatua ikiisha nazima vizuri na kunakili yale mafaili ya DASD pembeni. Saa nane mchana ikaniambia ni-IPL kutoka 0120, anwani ya DASD. Nikaandika ipl 120, nukta yangu ya kujibu tayari kwa kidole, na login ikatokea.

Jumatatu nilileta darasa. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaingia kwa ssh, nikamwambia andika cat /proc/cpuinfo, inayoonyesha prosesa ni ya aina gani, akasoma kwa sauti ule mstari wa kwanza, vendor_id, IBM/S390, akaniuliza "mwalimu, hii ni ukweli?" Nikamwambia maagizo inayoyafuata ni ya ukweli, chuma ndicho hakipo.

Mzee nilimpigia simu jioni akaja Jumamosi na kofia yake, akakaa, akaangalia konsoli muda mrefu bila kusema kitu, kisha akauliza teipu iko wapi. Nikasema sijaweka mzee. Wiki hii naongeza 3480, draivu ya teipu, kwa anwani 0580, kwa sababu teipu ndiyo alikuwa akishika kila usiku kazini na amesema atarudi Jumamosi kuwaonyesha watoto.