Kinyume cha dhaifu

Juzi jioni binti yangu aliniletea daftari la Kiswahili mezani. Mwalimu kawapa maneno kumi watafute kinyume chake. Tajiri, maskini. Refu, fupi. Alipofika namba saba akanyanyua uso: "Baba, kinyume cha dhaifu?"

"Imara," nikamwambia. Akaandika, akaendelea na namba nane. Jibu ni sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyebaki pale pale kwenye namba saba.

Ilikuwa 2010, nyumbani Tororo, mashariki mwa Uganda, bibi akiwa bado hai na ng'ombe wake wanne. Mradi ulimchagua ajengewe mtambo wa mfano wa bayogesi, gesi itokanayo na samadi, ili mafundi tisa wa huku kwetu wajifunzie pale. Mwalimu wao alitoka Arusha. Mtambo wenyewe nao ulitoka huko huko: kuba la matofali linalozikwa ardhini, mtindo wa Kichina ambao Watanzania wa CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya vijijini cha Arusha, na Wajerumani waliurekebisha miaka ya 1980. Mafundi wetu walijua Kiswahili cha sokoni, lakini hiki cha Arusha kiliwapita. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sina kazi, nikaitwa kutafsiri.

Siku mbili za mwanzo bibi hakuitikia shikamoo ya yule mwalimu, mzee wa Arusha. Kwake Kiswahili kilikuwa sauti ya askari, kwanza wa Amin, halafu wale wakombozi wa Tanzania wa 1979. Siku ya tatu aliamka alfajiri akamkuta mgeni anapanga matofali peke yake gizani. Akampelekea chai. Hapo yakaisha.

Shimo lilikuwa refu kuliko mtu. Katikati ya sakafu kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kijiti cha kupimia. Ncha moja inakaa pale, nyingine inagusa kila tofali linapowekwa, na hivyo ukuta unapanda huku ukijikunja taratibu bila ubao wowote wa kuushikilia. Mzee hakukiacha kile kijiti hata sekunde. Siku ya tano, ukuta ulipofika mahali fulani, akatusimamisha. Akachanganya karai moja kwa mkono wake mwenyewe: mchanga mwingi, chokaa, saruji kidogo sana, kama chumvi kwenye uji. Akaubonyeza ule mchanganyiko kwa kidole gumba, ukabomoka. Akatabasamu.

"Hapa, ndugu zangu, tunaweka pete dhaifu."

Wote tisa wakanigeukia.

Bado naliona lile shimo. Harufu ya tofali lililoloweshwa, jasho linalotiririka na vumbi la saruji shingoni, mmoja wao kashika mwiko hewani akiningoja. Neno nililijua. Nilijua dhaifu ni nini kwa Kiswahili na kwa Kiadhola, lugha yetu. Ila nikawaza, mzee ulimi umeteleza. Nani atoke Arusha yote hiyo kuja kufundisha watu wajenge kitu dhaifu? Watu hawa wameacha vibarua, mmoja anakuja kwa baiskeli kila siku kutoka Nagongera. Nikawaambia: pete imara.

Mzee akaendelea. Nyufa huanzia chini, akasema, kwenye sakafu inayobeba uzito wote. Zikipanda zikakuta pete hii, zinaishia hapa. Juu hazifiki, na juu ndiko gesi inakokaa. Nikatafsiri sentensi moja baada ya nyingine, barabara, na nikiwa katikati ya maneno yake ndipo nikaelewa: inavunjika yenyewe ili kuba lisivunjike. Lakini wale tisa walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Pete imara inazuia nyufa, nani asielewe hilo?

"Na juu yake sasa," mzee akasema, "pete imara."

"Imara tena?" akauliza kijana wao mdogo kuliko wote.

"Imara zaidi," nikamjibu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mtambo wa bibi ulisimama sawasawa, maana karai la pete alilichanganya mzee mwenyewe. Gesi ya kwanza tuliiachia, kwa sababu huwa imechanganyika na hewa na inaweza kulipuka. Baadaye ukawaka ule moto wa buluu ambao mchana huuoni, unausikia tu. Nyaya za umeme wa Owen Falls, bwawa lililofunguliwa Jinja 1954, zilipita kwetu Tororo kwenda Kenya miaka mingi ya bibi, naye hakuwahi kuwa na balbu. Usiku ule alikaa chini ya taa ya gesi bila kusema neno. Mzee alipopanda basi, bibi alimfungia kuku.

Mtambo wa pili ulijengwa kwa jirani, mjane aliyeuza fahali kuchangia gharama. Aliyeujenga ni yule kijana. Alijaza saruji kwenye pete zote mbili, kwa moyo mweupe. Kiangazi kilipokuja, ufa ukapanda kutoka chini hadi kwenye kuba, na gesi ikaisha. Watu wa mradi wakasema fundi hafai, wakamwondoa kwenye orodha. Pengine ni udongo. Bondeni pale ni udongo mweusi unaopasuka kila jua likikaza. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Sasa Makerere kuna kituo cha Afrika Mashariki cha nishati jadidifu, tangu 2016, na ninakifurahia kweli. Nataka utaalamu wa Arusha ufike Tororo, na ule wa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, ufike kwenye chemchemi za moto za Kibiro, magharibi mwa Uganda. Ila kila nikisoma kwamba nchi zetu zimekubaliana kupeana teknolojia, naanza kumtafuta yule anayesimama ndani ya shimo kati ya watu wawili, na kujiuliza anawaambia nini.

Yule kijana sasa ana kibanda cha mitumba Tororo mjini. Ujenzi aliuacha. Mwezi uliopita nilienda kwake nikiwa nimeshapanga maneno yote. Akanikaribisha kwa furaha, akaniita mwalimu, akanisimulia habari za watoto wake. Nikanunua shati. Akanipunguzia bei.