Pembetatu yenye nyuzi 181

Jumatano iliyopita binti mmoja wa Darasa la Sita aliniuliza swali nikakosa jibu.

Tulikuwa kwenye pembe za ndani za pembetatu. Nina kishikwambi kimoja na watoto 74, kwa hiyo niliwagawa makundi, kila kundi likaja mezani kwangu kwa zamu huku wengine wakipima kwa protrakta kwenye madaftari yao. Nilikuwa nimefungua GeoGebra, programu ya bure ambayo ukishaipakua inafanya kazi hata bila bando. Unachora pembetatu, unaweka kidole kwenye kona moja na kuivuta, na namba za pembe zote tatu zinabadilika hapohapo machoni pako. Pembe hii inapanuka, ile inabanwa, lakini ukizijumlisha unarudi palepale, nyuzi 180. Kundi la kwanza walishangilia kama wamefunga goli.

Zamu ya kundi la nne ilipofika, binti huyu, ambaye huwa haongei sana, alivuta kona, akaacha, akaandika namba tatu kwenye kiganja kwa kalamu. Akajumlisha. Akarudia kujumlisha.

"Mwalimu, hii yangu imekuja 181."

Nikatazama: 46, 67, 68. Ni 181 kweli. Darasa lote limenyamaza linanisubiri mimi. Nikamwambia, "Umefanya vizuri sana kuliona. Nipe hadi Ijumaa." Nikaihifadhi pembetatu ile kama ilivyo.

Miaka michache nyuma ningemwambia kifaa kina hitilafu, tuendelee. Katika shule niliyoanzia kazi, kompyuta tano za msaada zilikaa stoo zimefunikwa kitenge, na ufunguo ulikaa kwa mkuu wetu wa wakati huo. Mwalimu akiuliza jambo dogo kuhusu kompyuta anajibiwa mbele ya wenzake, "Si wewe ulipelekwa semina?" Tukajifunza kuficha tusichokijua. Na mwalimu anayeficha kwa wenzake atamficha na mtoto, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Vishikwambi tulivyo navyo sasa ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, ambavyo Serikali iliwagawia walimu baada ya kazi ile. Mwanzoni hata hapa tulivitumia kutuma taarifa na picha kwenye kundi la WhatsApp, basi. Kilichobadilisha mambo ni mwalimu mkuu wetu. Aliingiza jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), yaani kikao cha walimu kujifunza pamoja, kwenye ratiba ya shule, kila Alhamisi saa nane mchana, na hakuna kikao kingine kinachoruhusiwa kuila saa hiyo. Siku ya kwanza alikaa yeye mwenyewe kwenye dawati la wanafunzi, miwani puani. Kidole chake kilikuwa kinakaa sana juu ya kioo, kila akigusa inatokea menyu asiyoitaka. Akamgeukia mwalimu mdogo kuliko sote: "Mwanangu, hebu nionyeshe tena, taratibu." Ana miaka zaidi ya 30 kazini. Akishasema hivyo yeye, mimi naficha nini?

UNESCO wana mwongozo wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la tatu ni la 2018. Una vipengele sita, na kujua kutumia kifaa chenyewe ni kimoja tu kati ya hivyo. Vingine ni sera, mtaala na upimaji, ufundishaji, uendeshaji wa shule, na mwalimu kuendelea kujifunza. Nauelewa vizuri zaidi tangu binti yule aniulize, maana vitufe vyote nilivijua.

Alhamisi nikaipeleka 181 yangu jumuiyani. Mwalimu wa sayansi aliona haraka: programu imepangwa kuonyesha namba nzima, kwa hiyo kila pembe imekadiriwa, na zote tatu zimekadiriwa kwenda juu. Nikadhani tumemaliza. Mwalimu mkuu akauliza, "Sasa kesho utamwambiaje mtoto?" Hapo tulikaa karibu nusu saa. Mmoja anataka nimweleze, mwingine anasema nikimweleza nimemnyang'anya swali lake. Nawaomba wakuu wa shule wanaosoma hapa: tafuteni vifaa, lipieni LUKU, lakini tupeni na saa moja ya namna hii. Hiyo haisubiri mfadhili.

Ijumaa nilibadilisha mpangilio uonyeshe desimali mbili, nikampa kishikwambi bila maelezo. Pembetatu ni ileile. Akaandika ubaoni, safari hii kwa chaki:

45.62
66.71
67.67

Akajumlisha kwa sauti, darasa likimfuata tarakimu kwa tarakimu hadi 180.00. Hakushangilia. Alirudi kwenye daftari lake, akachukua protrakta, akaisogeza karibu na macho, akaitazama mistari yake kwa muda.

"Mwalimu, kwa hiyo na hii nayo inakadiria?"