Visegrád: taji lililovuka mto ndani ya mto

Miguu inaniuma vibaya ila silali kabla sijaandika hii, maana najijua, kesho nikiamka nusu yake itakuwa imeshayeyuka.

Leo nimeenda Visegrád na rafiki yangu wa chuo, Mhungaria, aliyekuwa ananiahidi safari hii tangu nimefika. Treni ya kutoka stesheni ya Nyugati hapa Budapest inafuata ukingo wa mto Danube mpaka Nagymaros, haimalizi hata saa moja, unashuka, unateremka mpaka kwenye maji unasubiri kivuko. Ng'ambo ndo Visegrád yenyewe, kamji ka watu wasiofika elfu mbili kamebanwa kati ya mto na mlima, na juu kabisa ngome imekaa inakuangalia.

Tukiwa kwenye kivuko rafiki yangu akasema hapahapa ndo palikuwa pajengwe bwawa la umeme. Hungaria na Czechoslovakia zilisaini mkataba 1977, watu wakaja kupinga chini ya kikundi kilichoitwa Duna Kör, 1988 wakaandamana Budapest kwa maelfu enzi ambazo kuandamana halikuwa jambo dogo, na Mei 1989 serikali ikasimamisha kazi. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya kimataifa ya The Hague. Ndo maana mto bado unapinda pale vilevile, na mimi nikauangalia kwa macho mengine kabisa.

Sasa ikulu. Mfalme Károly Róbert alihamishia makao yake hapa 1323, na 1335 akawakaribisha mfalme wa Poland na wa Bohemia wakae wapatane, wakazungumza mpaka njia za biashara za kuikwepa Vienna. Baadaye mfalme Mátyás akaipamba ikulu kwa marumaru nyekundu, chemchemi na bustani, na mwaka 1536 Oláh Miklós, aliyekuja kuwa askofu baadaye, akaandika kwamba ina vyumba zaidi ya 350. Halafu Waturuki wakauteka mji 1544, vita juu ya vita, waliokuja kuishi baadaye wakachukua mawe wakajengea nyumba zao, udongo ukaporomoka kutoka mlimani ukafunika kilichobaki. Yaani ikulu ya mfalme ikapotea kabisa, watu wanapanda miti juu yake, na wasomi wakawa wanasema yule askofu alitia chumvi. Mpaka 1934 mtaalamu János Schulek akachimba na kuta zikaanza kutokea. Nimesimama kwenye ule ua, nikaweka kiganja kwenye chemchemi (iliyopo uani ni nakala, vipande vya asili viko ndani makumbusho), marumaru ya baridi, nyekundu kama maini, na nikamwonea huruma sana yule askofu, kusema kweli halafu miaka mia nne uonekane muongo.

Ila kilichonishika zaidi kiko juu ngomeni, na tumepanda kwa miguu, ndo maana ya haya maumivu. Ngome ilijengwa baada ya Wamongolia kuiharibu nchi 1241 na 1242, wakati wa mfalme Béla wa Nne, na mkewe Maria ndo alitoa vito vyake vya dhahabu kugharamia. Hilo tu lilinitosha kukaa chini kidogo. Lakini kuna lingine la Februari 1440. Mfalme Albert amekufa, malkia Elisabeth ana mimba kubwa, wakubwa wa nchi wanataka mfalme wa Poland atawale, na taji takatifu la wafalme wa Hungaria limefungiwa huku juu. Malkia akamtuma Helene Kottanner, mama aliyekuwa akimlea binti yake, alilete kwa siri ili mtoto atakayezaliwa ndiye avishwe.

Helene aliandika mwenyewe yote. Anasema msaidizi wake alikuwa anakata kufuli kwa tupa usiku wa manane na yeye amepiga magoti nje anaomba Mungu, kila akisikia kelele anadhani askari wamefika mlangoni. Tupa walizitupa chooni. Kisha wakachukua mto wa mahameli nyekundu kutoka kwenye kikanisa cha humohumo, wakatoa manyoya, wakaingiza taji, akaushona. Asubuhi mto ukapakiwa kwenye gari la kuburuta juu ya theluji, ukafunikwa ngozi kuukuu ya ng'ombe ambayo mkia wake ulikuwa unaning'inia nyuma, na Helene anasema alikuwa anageuka kila saa kuangalia nani anawafuata.

Danube ilikuwa imeganda ila barafu imeshakuwa nyembamba, na wakiwa katikati gari la wasichana wa malkia likavunja barafu likapinduka. Hapo nikawaza kwamba kwa Kiswahili ni neno moja tu, taji limo ndani ya mto na mto uko juu ya mto, nikamweleza rafiki yangu ikabidi nimfafanulie taratibu, akanyamaza kidogo akasema kwao ni maneno mawili tofauti kabisa.

Walifika kwa malkia Komárom na mtoto akazaliwa usiku uleule. Wiki kumi na mbili baadaye akavishwa taji, na Helene alikuwa pale. Hilo taji lipo Bungeni hapa Budapest, nimeliona mwezi jana, msalaba wake wa juu umeinama upande, wakati ule nilipiga foleni nikapita tu. Jamani nitarudi.

Tukashuka, tukala lángos, unga uliokaangwa mkubwa kama sahani, kitunguu saumu, krimu chachu na jibini, tukakimbilia kivuko. Komárom iko upande wa juu wa mto huu huu, kwa hiyo maji tuliyokuwa tunayavuka yalikuwa yametoka huko. Nimesimama pembeni mpaka tumegusa ng'ambo, sijapiga hata picha moja.