Jigi ndogo chini ya chelezo kwa trauti waoga
Kwenye maji maangavu ya mto White River, Arkansas, Marekani, samaki aitwaye trauti akiona mshipi mnene hagusi chambo. Funga mshipi unaostahimili kilo 2 na jigi ya gramu 0.9, yaani ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi na manyoya laini. Maji yakipungua, shuka hadi gramu 0.4. Chelezo, yaani boya la mshipi, kiwe kidogo: kikubwa hukaza mshipi, samaki akatema.

Jigi ipite sentimita 15 juu ya kokoto. Linalopuuzwa mno ni fundo la kufungia jigi. Lisogeze juu ya tundu la ndoana hadi jigi ilale kama kisamaki. Ikinasa jiwe, fundo huteleza, jigi ikaning'inia mkia chini; likague kila mara.

Tupa upande yanakotoka maji. Mkondo wa juu hukimbia kuliko wa chini, hivyo chelezo kikiinamia mbele kinaburuta jigi: inua mshipi, uurudishe nyuma yake. Kikisita tu, vuta.