Konokono wa kwenye majabali

Jamani kuna konokono wa Ulaya, kitaalamu Helicigona lapicida, huyu maisha yake sana sana ni majabali ya chokaa na kuta za mawe, ingawa hata kwenye miti ya msituni yupo. Leo mvua ilipokata nikamcheki mmoja kwa lenzi, gamba kama milimita 15 hivi, bapa halafu pembeni lina ukingo mkali kama wa sahani, ndo maana anapenya kwenye nyufa ambazo konokono wa duara hata asijaribu. Macho yako nchani mwa zile pembe ndefu, nikaigusa moja ikajikunja ndani fasta 😂 na tundu la kupumulia liko kulia, linafunguka linafumba. Jiwe analikwangua kwa ulimi wenye vijimeno kibao, anakula mwani na laikeni, ule utando wa kuvu na mwani vilivyoungana unaoota juu ya mawe. Ila jua likiwaka usimtafute, kashajibana ufani asikauke.