WRX yangu na lita 39: kumbukumbu ya mradi, Malindi

11 Januari

Leo nimejaza tangi mara ya tatu ndani ya wiki mbili, nikaona mambo haya afadhali niyaandike. Gari ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, injini ya EJ205, cc 1994, gia tano za mkono. Imetoka Japani, ikapita kwa watu wawili Mombasa, ndipo ikanifikia mimi. Nimeitamani tangu utotoni, enzi zile Safari Rally ilipokuwa habari ya nchi nzima: Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000. Sioni haya kusema naipenda.

Lakini inakunywa. Na kila ninayemweleza hunijibu maneno yale yale: "Turbo ndivyo zilivyo." Fundi aliyeikagua nilipoinunua alisema hivyo. Kijana wa pampu kasema hivyo. Shemeji yangu, ambaye usukani hajaushika maisha yake, naye kasema hivyo.

Kazi yangu mimi ni friji na vyumba vya barafu, vya mahoteli na vya wanunuzi wa samaki. Mteja akiniambia friji yake inakula umeme, simjibu kuwa friji ndivyo zilivyo. Nafungua, napima. Gari langu nalo litapimwa.

14 Januari

Nimefungua plagi. Kufikia plagi za injini hii ni adhabu, zimelala ubavuni, mkono haupiti mpaka utoe betri na tangi la maji ya kioo. Zote nne nyeusi ti, masizi makavu, dalili ya petroli kuzidi. Kijiti cha oili nimekinusa: kinanuka petroli. Basi mafuta hayaishii barabarani tu, mengine yanashuka hadi kwenye oili.

Hapo nataka kuweka wazi jambo moja, kwa sababu ndilo linalonifanya nisikubali jibu la "ndivyo zilivyo". Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa kuingia kwa shinikizo. Hewa ikizidi, petroli lazima izidi. Hapo sawa, ukikanyaga unalipa. Tena ukikanyaga sana kompyuta ya gari huongeza petroli ya ziada ili kupoza ndani ya silinda: badala ya kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, inashuka karibu na 11. Lakini ukienda taratibu, geji ya busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo, ikiwa chini ya sifuri, turbo haisukumi kitu. Wakati huo hii ni injini ya lita mbili kama injini nyingine yoyote ya lita mbili. Mimi naendesha taratibu. Kwa nini basi plagi ziwe nyeusi?

4 Februari

Kipimo cha kwanza cha haki. Nimejaza hapa Malindi asubuhi, pampu ikakata yenyewe mara moja, sikuongeza hata tone. Nikashuka Gede, nikapita kando ya msitu wa Arabuko Sokoke, daraja la Kilifi, Mtwapa, mpaka Mombasa, nikageuza. Sikuvuka kilomita 90 kwa saa. Nikarudi kwenye pampu ile ile, nikasimama upande ule ule, ikakata yenyewe. Lita 39.4. Dashibodi inasema kilomita 231.

Ila dashibodi haisemi kweli. Matairi niliyoyakuta ni marefu kuliko yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, na tairi refu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi ya gari linavyohesabu. Nimelinganisha na GPS ya simu: kila kilomita 100 za kweli, dashibodi inahesabu 96. Kwa hiyo safari ilikuwa kilomita 240.6, na lita moja imenipeleka kilomita 6.1.

Nimekwenda na kurudi siku moja kwa makusudi. Miezi hii ni kaskazi, upepo unakusukuma ukienda Mombasa na unakukabili ukirudi. Anayepima upande mmoja tu anaupima upepo.

2 Machi

Kile kifaa kidogo cha bluetooth ambacho watu huchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu hakikusoma chochote. Subaru za Japani za miaka hii zina lugha yao wenyewe. Dawa yake ni waya wa KKL, unaounganisha gari na laptopu, bei yake ndogo, na programu ya bure ya FreeSSM kwenye laptopu. Mpwa wangu akashika laptopu, mimi nikashika usukani, tukatoka kuelekea Mambrui.

Tulipovuka daraja la Sabaki akaniambia, "Mjomba, joto la maji linasema sitini na moja."

Nikamwambia asubiri, injini bado haijapata moto.

"Mjomba, tumetoka nyumbani dakika ishirini."

Nikaegesha pembeni. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, namba ikapanda, 70, 78, 84. Tukaondoka, upepo ukaingia kwenye rejeta, ikaanza kushuka tena hadi 60 na kitu. Nilijua jibu kabla sijafungua boneti. Mtu anayeshinda na vyumba vya barafu anakijua kitu kisichodhibiti joto lake.

3 Machi

Thamostati haimo. Nyumba yake ipo, boliti zipo, raba ipo, ndani mtupu.

Nimemwendea mzee mmoja fundi ambaye amefanya injini tangu zama za Peugeot 504, mtu ninayemheshimu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, hilo utalikuta katika nusu ya magari ya Pwani. Gari likichemka, mtu anatoa thamostati. Anasema huku joto, ya nini?"

Hoja hiyo nimeisikia sana na inanikera, maana inasikika kama ina akili. Malindi ikiwa nyuzi 32, bado ni baridi mno kwa injini inayotaka kukaa juu ya 80. Thamostati kazi yake si kupoza. Inafunga mpaka maji yapate moto, kisha inafungua kadiri inavyohitajika. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote na injini haiivi. Kompyuta ikiona baridi inadhani ndiyo kwanza imewashwa alfajiri, inaongeza petroli kwa sababu petroli baridi haigeuki mvuke vizuri. Ndivyo nilivyotembea Malindi hadi Mombasa na kurudi, injini ikidhani bado ni asubuhi. Na petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Plagi nyeusi na kile kijiti vyote vimepata maelezo.

Lakini mzee hakuniacha niondoke kwa furaha. "Kabla hujairudisha, jiulize aliyeitoa alikuwa anakimbia nini."

9 hadi 17 Machi

Alikuwa anakimbia rejeta. Nimeitoa, nikaigeuza juani: nusu ya mirija imeziba kwa magadi meupe na kutu. Yameingia maji ya kisima. Maji ya visima vya huku yana chumvi, hata nguo hazitakati kwayo, sembuse ndani ya injini ya alumini. Ningerudisha thamostati juu ya rejeta hiyo, injini ingechemka kweli, na kwa Subaru ya turbo kuchemka ni gasketi ya kichwa. Nimenunua rejeta nyingine, thamostati halisi na kulanti, maji maalumu ya rejeta. Oili nimemwaga yote.

Anayefanya kazi hii asisahau: injini hii hujazwa maji kwenye kitangi kidogo cha juu, kilicho karibu na turbo, si kwenye kifuniko cha rejeta. Ukijazia kwenye rejeta, hewa inabaki juu. Nilipandisha pua ya gari kwenye mteremko, nikajaza polepole, nikaiacha inanguruma mpaka mapovu yakakoma. Kutwa nzima.

24 Machi

Njia ile ile, pampu ile ile. Joto la maji halikutoka kati ya 80 na 88. Lita 33.0. Kilomita 7.3 kwa lita.

Nimekaa garini dakika kadhaa pale pampuni, sikutaka kuondoka.

20 Aprili

Hili lilikuwa gumu kwa sababu ya mpwa wangu. Gari lilikuja na vali ya kutoa hewa ya turbo iliyo wazi, ile inayopiga "pshhh" ukibadilisha gia. Vijana wanaupenda mlio wake, naye ndiye wa kwanza. Vali ya asili hairushi hewa nje, inairudisha kwenye bomba la kuingilia turbo.

Tofauti si mlio tu. Mwanzoni mwa bomba kuna sensa inayopima hewa iingiayo, na petroli inamwagwa kwa hesabu yake. Hewa ikishapimwa halafu ikatupwa nje, petroli yake inakwenda kwenye silinda peke yake. Kila gia, funda moja la petroli bila hewa. Kati ya Mtwapa na Mombasa, kwenye foleni na matuta, hizo ni gia ngapi?

Nikamweleza hivyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi tuipime, Mjomba, kwanza tujue." Alinifurahisha kuliko angekubali haraka.

Tukaziba mdomo wa turbo kwa kizibo nilichotengeneza, tukaingiza hewa ya kompresa kidogo kidogo, mimi nikapaka povu la sabuni kama ninavyotafuta uvujaji wa gesi kwenye friji. Vali ikachemka mapovu pembeni ingawa ilipaswa kuwa imefunga. Na hosi iliyo chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo), ile ya mpira, ina ufa wa urefu wa kidole ambao macho hayakuuona. Ukienda taratibu sensa ya oksijeni hugundua na kompyuta hupunguza. Laptopu ilionyesha inapunguza asilimia 7. Ukikanyaga kupita lori, kompyuta haiisikilizi tena sensa hiyo, inafuata hesabu yake tu, na moshi mweusi unatoka nyuma.

Vali ya asili tumeipata kwa muuza vipuri vya gari kuukuu Mombasa, hosi mpya pia. Ile ya mlio ameichukua yeye, ameiweka rafuni chumbani kwake.

5 Mei

Lita 29.8. Kilomita 8.1. Asilimia 7 imekuwa 1.

26 Mei

Nilimaliza safari nikagusa rimu zote nne kwa mkono. Ya mbele kushoto haigusiki kwa moto. Pini ya kaliperi imeshikwa na kutu ya hewa ya bahari, breki ilikuwa inakamata muda wote. Nimesafisha, nimepaka grisi, nimejaza upepo matairi kama kibandiko kinavyosema.

16 Juni

Kusi imeshika, safari hii nimekwenda Mombasa nikiupasua upepo na kurudi ukinisukuma. Lita 26.9 kwa kilomita zile zile 240.6. Kilomita 8.9 kwa lita.

Kutoka lita 39.4. Ni lita 12 na nusu kwa safari moja, na turbo iko pale pale, sijaigusa. Aliyenunua petroli mwaka 2023 ilipovuka shilingi 200 kwa lita ajipigie hesabu mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye laptopu naona kompyuta inarudisha nyuma cheche kila ninapokanyaga, maana yake inasikia injini ikigonga. Gari hili liliundwa kwa petroli ya premiamu ya Japani, inayouzwa kule ikiwa na oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga huko), na super ya kawaida ya huku iko chini ya hapo. Cheche ikichelewa, nguvu ya petroli inapotelea kwenye egzosi. Mwezi ujao nitajaza tangi mbili za petroli ya oktani ya juu zaidi, pampu nyingine, kwa hiyo itabidi nianze vipimo upya kutoka kwake. Plagi mpya nimeshafunga. Nimezichungulia leo jioni baada ya safari: rangi ya kahawia hafifu, zote nne.